Unywele Ndani ya Kofia

Mimi nimekula mbaazi umri wangu wote, na mpaka saluni ile ilipofunguliwa barazani petu sikuwahi kuvuta unywele kutoka kooni. Unauvuta, unakuja. Unavuta tena, bado unakuja, umepakwa tui. Nikaiacha sahani pale pale, nikaenda uani nikatapika. Zilikuwa mbaazi nzuri, za nazi ya kukunwa kwa mbuzi, na tangu siku ile sijazila tena kwa raha. Nayasema haya mwanzo ili ijulikane kwamba nywele nilizichukia kabla ya yote yaliyonifika.

Majina ya watu wa habari hii ninayo yote. Mimi jina sisahau. Namjua mkunga aliyenipokea mimi, na mumewe, na watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa. Lakini hapa siyaandiki. Wengine nakutana nao kwenye darsa la wanawake, tunakaa mkeka mmoja, na mmoja nalala naye chini ya paa moja.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu mume wangu, hapa Mtopanga, nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati. Tuliijenga wakati huku ni mikorosho mitupu na watu wa kisiwani wakitucheka kwamba tumehamia kwa nyani. Sasa nakaa humo na mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu aliyetangulia mbele ya haki, na mke wa mjukuu huyo. Mjukuu nimemlea mwenyewe tangu hajui kujifunga kikoi. Anaendesha tuktuk. Ni kijana mpole, na upole wake zamani nilikuwa nikiusifu.

Siku moja natoka kuswali Adhuhuri nakuta kiti cha kuzunguka barazani, na kioo kirefu kimeegeshwa ukutani.

"Nani kaleta haya?"

"Nimempangisha dada mmoja wa kusuka, nyanya. Baraza lilikuwa limekaa bure. Ataleta baraka."

Baraka! Ilileta nywele. Si nywele za watu, maana za watu angalau unajua zimeota kwenye kichwa kilichozaliwa na mama. Hizi ni zile za pakiti, ndefu kama mkia wa farasi, wanazisuka juu ya nywele zako mpaka zikufike kiunoni. Zikisha kusukwa, ncha zinaunguzwa kwa kiberiti, kisha zinachovywa kwenye maji ya moto. Harufu yake ni ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Na mabaki yake hayaendi popote. Hayaozi. Yanajiviringa kama panya waliokufa, upepo unayasukuma ukumbini, yanaingia chini ya kitanda, kwenye sabuni, kwenye unga. Nina kuku wangu, tetea mweupe, nywele zilimfunga kidole cha mguu zikakaza. Mimi sikuona mapema. Nilipomkamata kidole kilikuwa cheusi, kikabaki mkononi mwangu. Nilikitupa kidole kile kwa kinyaa, nikaosha mkono mara tatu.

Nikamwendea msusi. Ni msichana wa bara, hana adabu mbaya, ila hana adabu za kwetu.

"Mwanangu, ukifagia, fagia kuelekea barabarani."

"Sawa, shosho."

Mimi, shosho, kama bibi wa bara! Akafagia kuelekea barabarani, na upepo ukazirudisha zote ndani.

Mke wa mjukuu wangu naye akasukwa pale pale barazani, kwa ajili ya Idi. Nyeusi juu, na kuanzia mabegani kuteremka zikageuka rangi ya damu ya mzee. Zikamfika kiunoni. Nikamwangalia nikanyamaza, kwa sababu yule msichana nampenda. Tangu aolewe hajaniacha nichambue mchele peke yangu, na hajapita mbele yangu asiseme shikamoo. Tena alikuwa na mimba, ya kwanza. Mtu mwenye mimba ya kwanza hasemwi kwa nywele.

Jioni moja akaja akakaa mkekani karibu yangu. Mimi nilikuwa nafuma vitambaa vya kufunika makochi, kazi niifanyayo tangu ujana.

"Nyanya, huwezi kunifumia kofia ya kulalia? Hizi za dukani mpira wake unanikata kipaji. Na nywele haziingii zote, nusu zinabaki nje, zinanipiga usoni."

"Si uzikate?"

"Nyanya!"

"Si zako hizo. Ukikata wakata nini? Wakata pakiti."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Basi nikakubali, na kwa hakika nilikubali kwa furaha, maana kutakiwa kitu na kijana siku hizi ni heshima.

Kofia ya mtu mwenye nywele nyingi si kazi ngumu. Watu huikosea mahali pamoja tu: hurefusha wasipanue. Ikawa soksi. Nywele zikijazwa humo zinaning'inia kisogoni kama kiwele cha mbuzi, na kichwa kinavutwa nyuma. Mimi naanza na kitanzi kimoja kidogo, nazunguka nikiongeza, kila duru pana kuliko iliyotangulia, na duara lile silipimi kwa kichwa, nalipima kwa sahani ya wali. Nikifika ukingo wa sahani naacha kuongeza, nashuka wima, mpaka kina kiingize kiganja changu chote na kifundo cha mkono. Hapo ndipo napunguza, nachukua vitanzi viwili nikivifanya kimoja, mpaka mdomo uenee kichwa. Mwisho nafuma ukingo wa vitanzi vifupi vifupi, vinavyobana bila kukata. Mpira siweki. Na uzi uwe wa pamba. Uzi wa sufu kwa joto letu hili ni kumpika mtu ubongo.

Yeye alitaka nyeusi, isionyeshe mafuta. Uzi mweusi macho yangu hayaushiki vizuri, naufuma kwa kupapasa, vidole vinajua. Nikawa nakaa ukumbini karibu na mlango, hewa inapopita, na lile donge la uzi likinitoka mapajani linabingirika hadi karibu na kizingiti, nalivuta kwa uzi wake linarudi. Sikuangalia lilirudi na nini.

Kofia ikamkaa. Akaenda kujitazama kwenye kioo cha saluni, nywele zote zimo ndani, hakuna hata mmoja uliobaki nje, na kipaji hakina alama ya mpira. Msusi akasema, "Shosho, hata mimi nifumie." Nikamwambia afagie kwanza.

Hazikupita siku nyingi yule binti, mke wa mjukuu wangu, akaanza kulalamika kichwa. Kinamgonga upande huu, kinahamia upande ule. Na kutapika alikuwa akitapika tangu mwanzo, kama kila mwenye mimba. Mjukuu wangu akampeleka kwa mamake, huko Magogoni, akapumzike kidogo na kubembelezwa. Ni desturi, sikuona ubaya. Akaenda na kofia yake.

Sasa huyo mama wa binti, ambaye tangu ndoa twaitana mkwe, ni mwanamke mwenye mambo mengi. Kila anayeugua kwake amerogwa, kila kuku anayekufa ametumiwa. Jirani akikohoa karibu na dirisha lake, yeye hutoa chumvi. Nilikuwa najua, lakini nilidhani ni mchezo wa mdomo tu.

Zikapita siku nne tano, mjukuu wangu akaenda kumtazama; jioni akarudi, akaingia ukumbini, hakukaa. Akawa anachezea ufunguo wa tuktuk.

"Nyanya, ile kofia uliifuma na nini?"

"Na uzi. Ulitaka niifume na nini, makuti?"

"Kumeonekana unywele ndani."

"Kofia ni ya nywele, baba. Ulitaka kuonekane nini, samaki?"

"Sio hivyo." Akatazama dari. "Umefumwa humo, nyanya. Umezunguka pamoja na uzi, duru kwa duru, juu kabisa, pale utosini. Mama mkwe ameigeuza ndani nje akauona. Akaipeleka kwa mzee mmoja wa kuagua. Mzee kasema mke wangu kafungwa kichwa, na kinachofuata ni tumbo. Tena kasema ni mkono wa mtu mzima wa nyumba hii."

Mimi nikamtazama. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nani, mzee?"

"Mkweo! Ulimwambia nini aliposema hayo?"

"Nilimsikiliza tu."

Alimsikiliza tu. Kijana niliyempangusa kamasi kwa leso yangu, amekaa kwenye kochi la watu, akaambiwa nyanyake ni mchawi, na yeye akasikiliza. Labda alikuwa ameshika na kikombe cha chai. Sikumuuliza kama alikunywa, lakini naamini alikunywa.

"Mama mkwe anasema mke wangu harudi hapa ikiwa wewe upo. Atajifungulia huko, na mtoto atabaki huko. Basi mimi nimeona, nyanya, ungekwenda kwa shangazi Changamwe. Upumzike kidogo."

"Nimechoka na nini?"

Ufunguo ukawa unalia mkononi mwake, kli, kli.

Nilifahamu vizuri sana. Mtu mzima akitoka nyumbani mwake kwa jina la mchawi, harudi tena. Hata akirudi, jina limemtangulia mlangoni. Na kitukuu changu, ambaye nilikuwa nimeshamkatia kanga za kumpokelea, angefundishwa kukimbia akiniona, kama nilivyowaona watoto wa mtaa wakimkimbia mwanamke mmoja wa hapa nyuma, ambaye hakuwa na kosa ila jicho moja jeupe. Maskini alikufa akiwa hakuna mtoto aliyewahi kumpokea kikapu.

Nikamwambia, "Kalale. Na hilo lishike hapo hapo ulipo, usilipeleke mbele." Nikadhani amesikia.

Asubuhi, nilipomaliza kuswali na kumwaga nafaka za kuku, nikavaa buibui langu nikaenda Magogoni kwa miguu. Sikumwambia mtu. Sikutaka kupanda tuktuk ya mtu nikaulizwa naenda wapi mapema vile.

Mkwe alinifungulia mlango nusu. Hakuniamkia. Mimi naweza kuwa mamake, na hakuniamkia.

"Bibi, umekuja?"

"Nimekuja kuona kofia yangu."

"Kofia yako!" Akageuka ndani akapaza sauti, majirani wasikie. "Mwenyewe kakiri! Kasema yake!"

"Nimeifuma mimi, ni ya nani tena? Fungua mlango, au wataka niifumulie hapa nje watu wakiona?"

Watu walikuwa wameshaanza kuona. Wanawake wawili wa nyumba ya pili walikuja na mafagio yao mikononi, wakajifanya wanafagia palipofagiwa. Mkwe akafungua, nao wakaingia nyuma yangu bila kualikwa. Mke wa mjukuu wangu alikuwa amekaa mkekani, uso umemvimba kwa usingizi. Aliponiona akataka kuinuka anishike mkono. Mamake akamkemea.

"Kaa! Usimshike!"

Binti akasema shikamoo kwa sauti ndogo, macho chini. Nikamwitikia marahaba. Nilimwona kipaji chake kimepungua yale matuta mekundu ya kusukwa. Misuko ya mbele ilikuwa imefumuliwa, nywele zake mwenyewe zimesimama, zimepakwa mafuta. Nikaliweka hilo moyoni.

"Iko wapi?"

Mkwe akaonyesha kwa kidole, kwa mbali. Pembeni mwa ukumbi palikuwa na ndoo ya rangi, imefunikwa kwa sahani, na juu ya sahani jiwe. Yule mzee wao alikuwa amesema itiwe katika maji ya bahari ikae humo mpaka aje mwenyewe kuimaliza. Maji ya bahari, kwenye ndoo ya rangi, ndani ya nyumba ya bati, kwa joto hili.

Nikaliondoa jiwe, nikaondoa sahani.

Mtu akiwahi kusahau pweza kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango, basi anaijua harufu ile. Wale wenye mafagio walirudi nyuma wakajigonga. Juu ya maji kulikuwa na povu la kijivu, na mafuta ya kichwa cha binti yameelea yakishikana na povu, na kofia yangu imekaa humo chini kama kitu kilichotolewa tumboni mwa mnyama. Kazi ya mikono yangu! Pamba safi, nimeifuma nimetawadha!

"Usiiguse!" mkwe akapiga kelele. "Mzee kasema isiguswe na mkono ulioitengeneza!"

"Basi iguse wewe. Chukua, ufumue."

Akarudi nyuma mpaka akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akainuka upesi. Mwanamke mmoja mwenye fagio akacheka akajifunika mdomo kwa leso.

Nikatia mkono. Ilikuwa na utelezi, ikanitambaa vidoleni. Nilifunga mdomo, nikapumua kwa kidogo kidogo. Nikaikamua, maji meusi yakanitiririkia hadi kiwikoni. Nikakaa kwenye kibao, nikatafuta mwisho wa uzi, nikaukata kifundo kwa meno. Ndiyo, kwa meno. Mkasi hakuna aliyenipa. Ladha yake sitaisema.

Kofia ya kufuma haifumuliwi kutoka popote. Hufumuliwa kutoka mwisho ulipofungia, na mwanzo wake ndio hutoka baada ya vyote. Huko utosini wanakokuogopa hakufikiki mpaka uwe umemaliza kofia nzima. Nikavuta. Ukingo ukaondoka, kitanzi baada ya kitanzi, vikilia kwa umajimaji. Mkwe amesimama mlangoni mwa chumba, kiganja kimejaa chumvi, midomo inakwenda.

"Fumua polepole, bibi," akaniambia. "Tuone unavyofungua ulivyofunga."

"Ningekuwa najua kufunga, mkwe, ningeanza na mdomo wako."

Wenye mafagio safari hii hawakujifunika. Walicheka wazi, na mmoja akasema, "Hilo nalo neno." Mkwe akawatazama kwa jicho la kuwafukuza, lakini angewafukuza vipi, na yeye ndiye aliyewaita kwa sauti?

Nikafumua ubavu wote. Uzi ukawa donge mapajani mwangu, buibui limeloa. Nikafika kwenye lile duara la juu. Na kweli, pale uzi ulipokuwa ukija kwangu, kitu kingine kikaanza kuja nao. Chembamba, cheusi, chenye mawimbi. Haukuwa mmoja, zilikuwa nywele tatu nne zilizosokotana, zimezunguka na kuzunguka, kama mtu aliyekusudia. Hata mimi mwenyewe nilisita kuvuta. Nilizivuta mpaka zikatoka zote, ndefu, nikazinyoosha juu ya mkeka. Upande mmoja nyeusi, na upande wa pili zimegeuka damu ya mzee.

Wenye mafagio wakasogea kuona.

Binti akainama. Akazitazama, akauvuta msuko wake mmoja begani, akaweka ncha yake kando ya zile zilizo mkekani.

"Mama," akasema, "hizi ni zangu."

"Unaona!" mkwe akaruka. "Unaona sasa! Kachukua nywele zako mwenyewe! Za mtu mwingine zingekuwa na nafuu, hizi ni zako! Ee Mola wangu!" Akarusha chumvi. Nyingi iliniingia jichoni.

"Mama! Zangu vipi? Za pakiti hizi! Nilisukwa barazani pale pale, zimejaa nyumba nzima, zimo hata kwenye unga. Nyanya anapiga kelele kila siku juu yake na hakuna anayemsikia."

"Zimekaa kichwani mwako."

"Hazijakaa! Haya ni mabaki, mama, vipande vilivyopunguzwa kabla ya kusukwa. Leteni kiberiti."

Hakuna aliyesogea. Yule mwenye fagio aliyecheka ndiye aliyekuwa na kiberiti, kimefungwa kwenye pindo la leso. Binti akakipokea, akawasha, akaushika unywele mmoja juu ya moto. Ukajikunja, ukayeyuka, ukadondosha tone jeusi gumu kwenye kifuniko cha sufuria, na ile harufu ya ndoo ya plastiki ikajaa ukumbi, ikachanganyika na harufu ya pweza. Nilidhani nitazimia.

"Haya, mama. Plastiki. Nimefungwa kichwa kwa plastiki?"

"Na kichwa chenyewe? Kilikuwa hakikuumi?"

"Kiliniuma kwa sababu msusi alinivuta mpaka macho yakapanda! Nilikwambia siku ya kwanza niliyofika. Na kimeacha kuuma tangu uliponifumua huku mbele. Wewe mwenyewe umenifumua, mama, kwa mkono wako, ukasema upate pa kupaka mafuta."

Mkwe akajifuta chumvi kiganjani. Akawatazama wenye mafagio, nao wakamtazama. Nilingoja. Nilikuwa nimekaa na maji ya kuoza mapajani, chumvi jichoni, nikingoja mtu mmoja katika nyumba ile aniambie neno.

Unajua alichosema? Alicheka. Kicheko kidogo, kama cha mtu aliyemwaga chai.

"Basi, bibi. Shetani alipita katikati yetu. Tusameheane. Karibu kahawa." Akaja akaliinua donge la uzi kwa ncha za vidole, akaliangalia. "Lakini wallahi ilikuwa kofia nzuri. Ilimwenea vizuri, haikuacha hata alama. Mimi nami nywele zangu zanisumbua nikilala, ukipata nafasi..."

Kinyaa kilichonishika wakati ule kilizidi cha ndoo. Jana nilikuwa mchawi, mtoto asizaliwe karibu yangu; sasa nimekuwa fundi, na nipime kichwa.

"Zako, mkwe," nikamwambia, "zifunike na sufuria."

Nikaenda uani nikaosha mikono kwa ndimu na majivu. Nilipotoka, binti amevaa buibui lake, ana mfuko mkononi.

"Unakwenda wapi na tumbo hilo?" mamake akauliza.

"Nyumbani kwangu."

"Na mzee? Kasema atakuja mwenyewe."

"Mwambie nimeshafunguliwa."

Tulirudi na tuktuk, kwa ajili yake. Njiani alinishika mkono, ule ule unaonuka, hakuuachia. Akaniambia, "Nyanya, mimi sikusema hata siku moja kwamba ni wewe." Nikamwambia najua. Na kweli nilijua, lakini nilikuwa na haja ya kulisikia.

Tukaingia nyumbani. Nikaenda chumbani kwangu kubadili nguo. Kitanda kilikuwa kitupu. Kamba tu za kitanda, na chini yake vumbi limekaa umbo la sanduku langu. Godoro halipo. Mto haupo. Sanduku la nguo halipo, na zile kanga nilizomkatia mtoto zilikuwa humo.

Msusi akachungulia kutoka barazani, kitana kimedungwa nyweleni mwake.

"Shosho! Kumbe uko? Alipakia kwenye tuktuk, vile tu ulitoka asubuhi. Sisi tulidhani umehama. Watu wote hapa walikuwa wanauliza, tukasema shosho amehama."

Binti alikaa kwenye ubavu wa kitanda akalia. Mimi sikulia. Hakungoja nirudi. Hakungoja hata jua lipande. Mimi niko Magogoni nimetia mkono kwenye uozo kulisafisha jina langu, na yeye, mjukuu wangu mpole, anafunga godoro langu kwa kamba, analipitisha mbele ya duka na mbele ya msikiti, anajibu salamu za watu. Yule mwanamke wa Magogoni si damu yangu, mdomo wake ni wake. Huyu nilimfundisha mimi kufunga fundo.

Alirudi alasiri. Akamwona mkewe, uso ukamng'aa.

"Alhamdulillahi! Yamekwisha?"

Akanitazama mimi, nimekaa juu ya zile kamba.

"Nyanya, nilidhani..."

"Godoro langu liko wapi?"

"Kwa shangazi. Kesho mapema nitalileta na tuktuk, vitu vyote, hutabeba hata kijiko."

"Hutalileta na tuktuk. Kutoka Changamwe hadi barabara kuu njoo nalo utakavyo. Kutoka barabara kuu, tuktuk iache. Utalitia godoro kichwani, upite mbele ya duka, na mbele ya msikiti watu wakitoka kuswali, na mbele ya saluni. Walioliona likitoka waone likirudi. Sanduku na mto utarudi kuvichukua baadaye. Na anayekuuliza, umjibu."

"Nimjibu nini?"

"Hilo litafute mwenyewe. Jana ulipotakiwa kusema ulinyamaza, basi una maneno mengi uliyoyaweka akiba."

Mkewe akasema, "Na mimi sitakupikia mpaka lifike." Sikumwomba aseme.

Usiku ule nililala kwenye mkeka wa ukumbini. Binti akalala kando yangu, akakataa kitanda. Mumewe alizunguka chumbani mwao peke yake, tukimsikia.

Kesho yake, baada ya Adhuhuri, nilitoka nikakaa barazani, mara ya kwanza tangu saluni ianze. Msusi alinipa kiti chake cha kuzunguka. Nikamwona mjukuu wangu anakuja kwa mbali, godoro limemwinamia mbele na nyuma kama mbawa, shingo imezama. Watu wametoka msikitini. Mwenye duka akatoka nje.

"Ebo, bwana! Wahama tena? Jana kutoka, leo kuingia?"

"La. Ni godoro la nyanya."

"Si alihama?"

Alisimama. Jasho lilimdondoka puani, mikono yote miwili imeshika godoro, hawezi kujipangusa. Nilimwona anataka kusema jambo jepesi, kwamba nilikwenda matembezi, kwamba lilipelekwa kushonwa. Akageuza kichwa kidogo akaniona nimekaa.

"Hakuhama," akasema. "Nilimhamisha mimi. Alisingiziwa, nami nikaamini."

Alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ngazi za msikiti. Mzee mmoja aliyekuwa akivaa viatu vyake akatikisa kichwa, akasema, "Astaghfirullahi," akaenda zake. Mwenye duka akarudi ndani ya duka lake.

Alipolitua uani, godoro lilikuwa na vumbi la njia yote, na upande mmoja limelowa jasho lake. Sikutaka liingie ndani hivyo. Nikachukua fimbo nikalipiga, vumbi likatoka, nikapiga tena. Alisimama kando, shingo imempinda, akisubiri nimwambie kitu. Binti alikuwa mlangoni, mkono juu ya tumbo.

Nikamwambia aligeuze upande wa pili.